Shule yetu ilianzaje? Mwongozo wa kukusanya na kuandika historia ya shule ya kijiji

Ukiingia ofisi ya mwalimu mkuu karibu kila mahali Tanzania utakuta karatasi ukutani: jina la shule, namba ya usajili inayoanza na EM, mwaka wa kuanzishwa, orodha ya walimu wakuu waliopita. Mtu akiulizwa shule ilianza lini, anainua macho na kusoma. Nasi tulifanya hivyo siku ya kwanza tulipokaa kupanga kuandika historia ya shule yetu ya msingi. Karatasi ilisema 1976. Tukaandika 1976, tukafurahi kwamba kazi imeanza vizuri.

Wiki ile ile bibi mmoja wa kitongoji cha jirani alisikia tunachofanya. Akasema, "Sabini na sita mimi nina watoto wawili mgongoni na tumboni. Na nilisoma pale pale, chini ya ule mwembe, tukiandika mchangani kwa vidole." Tukafuta tulichoandika.

Tangu hapo najua kwamba mwaka wa usajili ni mwaka ambao serikali iliitambua shule. Mara nyingi shule yenyewe ilikuwa imeshazaliwa, imetambaa, hata imewahi kufa na kufufuka kabla ya karatasi ile kuandikwa. Habari za miaka hiyo ziko kwa watu, na watu hao wanaondoka. Kama shule yenu ina wazee wawili watatu waliokuwepo siku za mwanzo, msingoje sherehe ya miaka 50. Anzeni mwezi huu.

Hatua ya kwanza: jueni shule yenu ni ya ukoo gani

Kabla ya kumhoji mtu yeyote, kaeni mjaribu kubashiri shule ilitokana na nini, maana kila ukoo wa shule una mahali pake pa kutafutia karatasi.

Ziko zilizoanza kama darasa la katekista. Watoto walifundishwa sala, kusoma na kuandika kwenye kibanda cha nyasi, na miaka kadhaa baadaye misheni ikaleta mwalimu mwenye cheti. Ziko zilizojengwa na mamlaka za wenyeji, zile za machifu, wakati wa Mwingereza. Ziko za TAPA, chama cha wazazi kilichokwenda bega kwa bega na TANU tangu miaka ya 1950, kwa sababu nafasi katika shule za serikali na za misheni hazikutosha watoto waliokuwa wanataka kusoma. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 shule za misheni ziliingia chini ya usimamizi wa serikali, na baadhi zikabadilishwa majina. Kwa hiyo jambo la kwanza kumuuliza mzee ni hili: shule hii iliwahi kuitwa jina jingine? Usipolijua jina la zamani utapita juu ya karatasi zenu bila kuzitambua.

Halafu ziko shule za UPE, yaani za mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, na hizi ni nyingi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977, wakati mpango wa awali ulikuwa 1989. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa mwaka 1973, watu walikuwa wanahamishiwa vijijini, na madarasa yakaota kila mahali kwa nguvu za wananchi. Walimu wakapatikana kwa kuchukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafunza huku wakifundisha. Kama karatasi yenu inasema mwaka wowote kati ya 1974 na 1977, msiiamini haraka wala msiikatae haraka. Huenda shule ni mtoto halisi wa Musoma. Huenda pia ni ya zamani, iliyopata usajili au darasa la tano hadi la saba wakati ule.

Na ziko za karibuni. Shule shikizi, ambazo kitongoji kilizianzisha ili watoto wadogo wasivuke mto au msitu kwenda shule mama, kisha zikajitegemea. Zilizojengwa wakati wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kuanzia 2002. Sekondari za kata, ambazo kila familia ilichangia na kila kijiji kilifyatua tofali zake. Hizi zina bahati kwamba waanzilishi wengi bado wapo. Watu huzidharau kwa sababu "ni za juzi tu". Hiyo juzi nyingine imeshatimiza miaka 20, na risiti za michango zimeshaliwa na mchwa.

Hatua ya pili: daftari kabla ya mdomo

Pelekeni barua kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, mkaeleze mnachotaka kufanya, na nakala iende kwa Afisa Elimu Kata na serikali ya kijiji. Si urasimu wa bure. Mwalimu mkuu mwenye barua mkononi atafungua kabati ambalo asingelifungua kwa maneno matupu.

Ndani ya kabati tafuteni vitu vitano: kitabu cha kumbukumbu za shule, rejista ya uandikishaji, kitabu cha wageni, mihtasari ya kamati ya shule, na leja ya mali. Vilivyo vya zamani kabisa mara nyingi havimo kabatini. Viko stoo, chini ya majembe na mipira iliyopasuka, au nyumbani kwa mwalimu mkuu aliyestaafu, ambaye alivichukua ili visichomwe.

Katika vyote hivyo, kama muda ni mfupi, kaeni na rejista ya uandikishaji. Watu huiona kama orodha ya majina tu. Kwangu ndiyo shahidi mkubwa kuliko wote, kwa sababu aliyeiandika hakuwa anaandika historia. Alikuwa anaandikisha watoto. Fungueni ukurasa wa kwanza mtazame namba 1 hadi 50. Waliandikishwa siku moja au walitiririka mwaka mzima? Walikuwa na umri gani? Ukikuta darasa la kwanza lina watoto wa miaka 12, 13 na 14 pamoja na wa miaka 7, umeona kijiji ambacho kiu ya shule ilikuwa imekaa miaka mingi bila maji. Wasichana ni wangapi? Wazazi wametoka vitongoji gani, na kitongoji gani hakikuleta mtoto hata mmoja? Tarehe ya kuandikishwa ni ya Januari, au ni ya Aprili, baada ya palizi?

Kwetu ukurasa wa kwanza ulikuwa na watoto 38, na 11 kati yao waliingizwa moja kwa moja darasa la tatu. Mtoto haanzii darasa la tatu. Wale 11 walikuwa wamesoma mahali fulani kabla ya siku hiyo. Tulipopeleka majina yao kwa yule bibi wa mwembe, alicheka akasema wanne ni wadogo zake.

Piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila mmweko, na kidole kisifunike namba ya ukurasa. Usitoe kitabu nje ya shule. Usinyooshe kurasa zilizogandana kwa mate wala kwa maji.

Na jambo moja la kuheshimu: rejista ina safu ya sababu za kuacha shule. Utakuta utoro, ugonjwa wa mzazi, ndoa, mimba. Hao ni watu, wengine wako hai na ni bibi za watu. Hesabu mnaweza kuzitumia kueleza hali ilivyokuwa. Majina yao na sababu zao zisiingie kwenye kitabu, na picha za kurasa hizo zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hata kama isingekuwepo, adabu ipo.

Hatua ya tatu: nendeni kwa wazee, na si wenyeviti peke yao

Kosa la kawaida ni kwenda kwa waliokuwa na vyeo: mwenyekiti wa kijiji wa kwanza, katibu wa tawi, mwalimu mkuu. Nendeni kwao, wanastahili. Lakini mwenyekiti anakumbuka mikutano. Nani alisomba maji ya kukandia udongo? Nani alikata miti, nani aliezeka, mwalimu wa kwanza alilala nyumba ya nani na alikula kwa nani? Majibu ya maswali hayo wanayo akina mama, fundi, na wanafunzi wenyewe wa siku zile. Kwa kila mwenye cheo mmoja mtakayemhoji, mhoji watu watatu wasio na cheo.

Nendeni wawili, mmoja aulize na mwingine aandike. Chagueni saa ambayo mzee hana kazi wala usingizi. Mtoto au mjukuu wake akiwepo ni vizuri zaidi, kwa sababu atamkumbusha na yeye mwenyewe atasikia. Mwombe ruhusa ya kumrekodi kabla ya kuwasha simu, na umwambie sauti yake itakwenda wapi. Akikataa, andika kwa mkono. Akisema "hili usiliandike", funga daftari kweli, aone ukilifunga.

Sasa, namna ya kuuliza. Ukimuuliza mzee "shule ilianzishwaje?" atakupa hotuba: wananchi walihamasika, walijitolea kwa moyo mmoja. Maneno hayo amewahi kuyasikia jukwaani naye anakurudishia. Uliza vitu. Vitu vina kumbukumbu kuliko maneno.

Kengele ilikuwa nini? Kwetu ilikuwa rimu ya gari, imetundikwa kwa waya wa fensi kwenye tawi la mwembe, na inagongwa kwa nondo fupi. Nilipomuuliza mzee mmoja rimu ilitoka wapi, aliamka kitini. Ilitoka kwenye lori la pamba lililoanguka kwenye korongo. Dereva alitibiwa na wanakijiji, akawaachia rimu kama asante. Lori lilianguka lini? Kabla hajaoa, mvua za masika, mwaka ambao daraja lilibebwa. Swali moja la kengele likatupa barabara, daraja, zao la biashara na mwaka.

Uliza hivyo hivyo kuhusu ubao: ulipakwa nini ukawa mweusi? Wengi watakutajia mkaa wa betri za redio zilizokwisha, uliotwangwa na kuchanganywa na majani. Walikalia nini: magogo, matuta ya udongo, matofali? Waliandikia nini: mchanga, kibao, daftari lililokatwa mara mbili ili wapate wawili? Mvua ikinyesha walikwenda wapi? Nani alikuwa mtoro, na mzazi wake alifanywaje? Bendera ilipandishwa kwenye mti gani? Mwalimu wa kwanza alikuja kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi, na alibeba nini?

Kisha nyamaza. Wazee wengi husema jambo la maana baada ya kimya, wakati kijana ameshafunga kalamu.

Hatua ya nne: kupata miaka

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, na ndipo ilipo tamu. Mzee hakumbuki mwaka, naye akikutajia mwaka bila kusita, jihadhari zaidi, kwani huenda ameusoma ukutani kama wewe. Anachokumbuka ni mfuatano: shule ilianza kabla au baada ya jambo fulani. Kazi yenu ni kumpa mambo ambayo miaka yake inajulikana, yeye aweke shule katikati.

Tengenezeni kalenda ya kijiji kabla ya kwenda. Ya taifa inaanza hivi:

Uhuru, 9 Desemba 1961. Muungano, 26 Aprili 1964. Fedha yetu wenyewe kuchukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki, 1966. Azimio la Arusha, Februari 1967, na Elimu ya Kujitegemea mwezi uliofuata. Sensa, Agosti 1967 na Agosti 1978. Kuzaliwa kwa CCM, 5 Februari 1977. Vita vya Kagera, Oktoba 1978 hadi 1979. Msako wa wahujumu uchumi, 1983. Kifo cha Sokoine, 12 Aprili 1984. Mwalimu Nyerere kung'atuka urais, 1985. Kuzama kwa MV Bukoba, 21 Mei 1996. Mvua za El Niño, 1997 hadi 1998. Kifo cha Mwalimu, 14 Oktoba 1999.

Baadhi ya matukio yanadanganya, na ni vyema kuyajua. "Tulipohamia kijijini" si mwaka mmoja kwa nchi nzima. Rufiji walihamishwa tangu 1968 na 1969, Dodoma 1970 na 1971, Kigoma kuanzia 1972, na sehemu nyingi nyingine kati ya 1973 na 1976, baada ya serikali kuamua kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe anaishi kijijini. Kwa hiyo tafuteni mwaka wa kwenu. Na "mwaka wa unga wa njano" ulikuja zaidi ya mara moja. Ukisikia unga wa njano, uliza palepale: ulikuwa kabla ya vita vya Amin au baada?

Kisha ongezeni matukio ya kwenu: mafuriko, nzige, chifu kufa, kisima kuchimbwa, mashine ya kwanza ya kusaga, kanisa au msikiti kujengwa, mkuu wa wilaya aliyekuja akaanguka na pikipiki. Haya ndiyo yanayofanya kazi kweli. Mzee asiyejua Azimio la Arusha lilitoka mwezi gani anajua kabisa kwamba mashine ya kusaga ilikuja baada ya shule, kwa sababu yeye na wenzake walitumwa mahindi wakiwa wamevaa sare.

Njia nyingine ni kurudi nyuma kwa madarasa. Mtafuteni mtu mwenye cheti cha kumaliza darasa la saba, au kadi ya ubatizo, au kitambulisho cha kazi cha zamani. Kama alimaliza 1981 na hakurudia darasa, aliingia la kwanza 1975. Alikuta darasa la ngapi lipo juu yake? Akisema alikuta la kwanza na la pili tu, kuna darasa lililoingia 1974, basi mmeshaukaribia mlango. Angalieni tu jambo moja: kabla ya mfumo wa miaka saba kulikuwa na darasa la nne na mtihani wake wa kuchuja, halafu shule ya kati hadi la nane. Mzee wa zama hizo akisema "nilimaliza shule", huenda anamaanisha la nne.

Mkipata ushahidi wa aina mbili unaokubaliana, kwa mfano rejista na simulizi, au simulizi mbili za watu wasiokaa pamoja, andikeni mwaka. Mkipata wa aina moja tu, andikeni "karibu na 1971". Neno hilo "karibu na" ni la heshima, msilionee haya.

Hatua ya tano: ardhi na michango

Nendeni taratibu hapa. Kila shule imesimama kwenye shamba lililokuwa la mtu. Wakati mwingine alitoa kwa hiari mbele ya mkutano. Wakati mwingine aliambiwa tu. Wajukuu wake wapo, na kitabu chenu kinaweza kesho kupelekwa baraza la ardhi kama ushahidi wa mpaka. Msiandike ukubwa wa eneo wala mipaka kwa kusikia. Andikeni alichosema nani: "Familia ya marehemu inasema eneo lilitolewa na babu yao, mzee wa kitongoji anakumbuka lilikuwa pori la kijiji." Tafuteni muhtasari wa mkutano wa kijiji. Usipopatikana, acheni kauli zote mbili zikae pamoja.

Tena, kama familia ilitoa shamba na jina lake halijawahi kutajwa popote, hapa ndipo mahali pa kulitaja. Mara nyingi jiwe la msingi lina jina la kiongozi aliyekuja kwa saa mbili, au tarehe ya mbio za Mwenge. Ninaliheshimu jiwe. Lakini haliwezi kubeba majina ya watu waliobeba mawe.

Michango ielezeni kwa vitu kama vilivyokuwa: kila kaya tofali ngapi, debe ngapi za mchanga, siku ngapi za msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Pesa zitajeni kwa thamani ya siku zile, na pembeni semeni ilinunua nini kijijini wakati huo. Msijaribu kugeuza kuwa pesa za leo, mtapotosha. Kama kuna waliokataa kuchangia, au boma lililosimama kwenye lenta miaka sita kwa sababu mabati yalipotea, liandikeni hilo pia bila kumtaja mtu kwa ubaya. Mtoto anayesoma leo chini ya bati lile ana haki ya kujua kwamba haikuwa rahisi.

Hatua ya sita: nje ya kijiji

Parokia na usharika huwa na vitabu vya ubatizo vilivyoandikwa kwa utaratibu kuliko ofisi yoyote, na vituo vingi vya White Fathers, wamisionari wa Kikatoliki, viliandika dayari ya kila siku, ambamo kufunguliwa kwa darasa la katekista hutajwa kwa mstari mmoja. Halmashauri ina jalada la shule. Fahamuni tu kwamba halmashauri zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa miaka ya 1980, kwa hiyo majalada mengi yalihama ofisi na mengine hayakurudi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina majalada ya wilaya ya wakati wa ukoloni. Ukienda, nenda na jina la zamani la shule, la wilaya na la chifu wa wakati ule. Magazeti ya zamani kama Mambo Leo, lililoanza 1923, na baadaye Ngurumo na Uhuru, yalichapisha barua na habari za mikoani.

Picha tafuteni majumbani. Geuzeni nyuma: huko ndiko jina la studio na tarehe hukaa. Piga picha pande zote mbili, kisha mrudishie mwenyewe siku hiyo hiyo.

Hatua ya saba: kuandika

Mtu mmoja aandike, wengine wasome na kurekebisha. Kitabu kilichoandikwa na watu saba kina sauti ya muhtasari wa kikao.

Anzeni na mahali kabla ya shule: watoto walikwenda wapi, umbali gani, nani alikufa maji njiani. Kisha siku ya kwanza, mwalimu wa kwanza, kundi la kwanza. Miaka mitano ya mwanzo ipeni nusu ya kitabu. Orodha za walimu wakuu na matokeo ya mitihani zikae nyuma.

Andikeni kwa lugha mliyosimuliwa. Hapa kuna aya mbili za jambo lile lile. Ya kwanza tuliiandika sisi:

"Wananchi kwa kushirikiana na viongozi walijenga darasa la kwanza kwa nguvu zao wenyewe na kufanikisha azma ya kupata elimu bora."

Ya pili ni baada ya kurudi kwa fundi:

"Darasa la kwanza lilikuwa la miti na udongo, hatua 14 kwa hatua saba. Wanaume wa vitongoji vitatu walikata miti Jumamosi, wanawake walisomba maji Jumapili baada ya ibada. Ukuta wa magharibi ulianguka mvua za kwanza kwa sababu udongo wa upande ule ulikuwa na mchanga mwingi. Waliujenga tena kwa udongo wa kichuguu, na ndio uliosimama mpaka darasa la tofali likajengwa."

Aya ya kwanza inafaa shule yoyote. Kwa hiyo si ya shule yenu.

Mkikuta simulizi mbili zinagongana, ziwekeni zote na mseme mnaegemea ipi na kwa nini. Majina yaandikeni kama mwenyewe anavyoliandika lake, si kama karani alivyolikosea rejistani. Nyuma wekeni orodha ya wote mliowahoji, na waliofariki kabla ya kitabu kutoka wawekewe alama.

Hatua ya nane: someni mbele ya kijiji kabla ya kuchapa

Ombeni nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, au siku ya mahafali ya darasa la saba. Msomaji awe mwanafunzi mwenye sauti. Someni sura za mwanzo tu, polepole, na mmoja wenu akae na kalamu. Watu watasahihisha, wengine kwa hasira, na mtashukuru, kwani kosa likishachapwa litakaa ukutani miaka 50 kama lile la kwetu.

Chapeni nakala chache kwanza. Moja shule, moja ofisi ya kijiji, moja parokia au msikiti, moja maktaba ya mkoa kama ipo, na moja kwa kila mzee aliyehojiwa. Sauti mlizorekodi ziwekeni mahali pawili tofauti, kila faili likiwa na jina la mzee na tarehe. Simu huanguka majini.

Na mwishoni mwa kitabu acheni kurasa tupu zenye mistari. Sisi tuliacha nne. Siku ya kusoma, msichana wa darasa la sita alipofika kwenye wasichana watano waliosoma chini ya mwembe, yule bibi aliinua mkono akiwa amekaa kwenye mkeka. "Tulikuwa sita," akasema, na akataja jina la mwenzake aliyekufa kwa surua kabla ya darasa la pili. Hakuna rejista iliyokuwa nalo. Tuliliandika palepale, yeye akitutajia herufi, kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza mtupu.